JINO HALIJUI KUUZA SURA

Wiki hii nazungumzia meno, kwa hiyo kama lako limetoboka, funga mdomo usome kimyakimya.

Uswahilini kwetu, kuanzia Temeke mpaka Manzese, kuna mtindo wa kutoka kwa mama ntilie na kijiti mdomoni. Mtu kala ugali maharage, lakini anavyochokonoa utadhani kamaliza paja zima la mbuzi! Sisi wapita njia anaweza kutuzuga, ila jino lake hawezi. Jino huweka alama za kilichopita mdomoni, na alama hizo zinasomeka hata baada ya miaka milioni 150.

Unabisha? Muulize dinosaria, yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji pale, lakini jasho lilikuwa la kwetu. Wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, walifukua mifupa, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Tani kama 250 zikapanda meli kwenda Berlin.

Mkubwa wao, Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho huko, mita 13 na ushei kwenda juu. Kwa umbo lile unaweza kutimua mbio. Lakini mchungulie mdomoni: meno mapana kama patasi, gego hata moja hakuna. Maana yake alikuwa anakwanyua majani na kuyameza bila kutafuna, kazi yote anaachiwa tumbo. Dicraeosaurus, mwenye shingo fupi, alikuwa na meno membamba kama penseli, ya kuchambulia mimea ya chini.

Wala nyama nao walikuwepo. Meno yao yameokotwa hukohuko: bapa kama kisu, yamepinda kwa nyuma, na ukingoni yana vijino vya msumeno. Hilo si jino la mchicha, ndugu yangu!

Sasa njoo kwenye mikwaruzo. Utafiti uliotoka 2025 uliyapima meno ya hawa wala majani kwa hadubini. Ya Tendaguru yalikuwa yamechubuka kuliko ya jamaa zao wa Ureno na Marekani. Wataalamu wanaona mchawi ni mchanga: jangwa lilikuwa jirani, upepo ukaupeperusha mpaka juu ya majani. Jamaa wakala mboga yenye mchanga, kama dagaa asiyeoshwa. Bahati yao, jino likiisha linaota jingine. Diplodocus wa Marekani, ndugu yake Dicraeosaurus, alikuwa anabadilisha jino kila baada ya siku 35 hivi. Wewe na mimi tulibadilisha ya utoto tu, basi, mchezo umekwisha.

Kinachoniuma ni kimoja. Basi la Lindi linapita Mbagala, mlangoni kwa washikaji kabisa. Lakini kijana wa Mbagala akitaka kuyaona meno hayo kwa macho yake, hapandi basi: anatafuta pasipoti, viza na nauli ya ndege. Upepo ulivuma kwetu, majani yalikuwa ya kwetu, waliobeba ni babu zetu, halafu daftari liko Berlin. Hoja ya kuyarudisha imezungumzwa miaka mingi. Wakati wakubwa wakiendelea kuvutana, sisi walau tujue limeandikwa nini.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mswaki usisahau!