Lubumbashi: Kujenga shule hakusafishi mto

Maji machafu ya mgodi yaliyofurika katika komini ya Annexe tarehe 4 Novemba 2025 yaliacha swali linalogusa komini zote za Lubumbashi: kampuni ikiharibu maji, inalipa nini, na inamlipa nani?

Maji hayo yalitoka kwenye bwawa la takataka la kampuni CDM, tawi la Huayou Cobalt ya China. Wiki hiyohiyo, waziri wa madini Louis Watum Kabamba aliisimamisha kwa miezi mitatu na kuitaka irekebishe uharibifu na kuwalipa fidia wakaaji.

Sheria hazikosekani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai pia kila mgodi utoe asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii.

Hapo ndipo mambo yanapochanganywa. Asilimia hiyo ni haki ya jamii hata kama mgodi haujamwaga tone moja. Shule au barabara iliyojengwa kwa pesa hizo si fidia ya kisima kilichoharibika.

Kuna nchi zinazoruhusu uchafu wa mahali pamoja ufidiwe mahali pengine. Katika jimbo la Queensland, Australia, sheria za kulinda matumbawe ya bahari zilikazwa mwaka 2019. Mtambo wa maji taka unaweza kugharamia kazi ya kupunguza naitrojeni inayotoka mashambani kwenda baharini. Kuna hata hati zinazouzwa: hati moja ni sawa na kilo 1 ya naitrojeni iliyozuiwa. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu kinachoongezwa na kinachopunguzwa ni kitu kimoja, kinapimwa, na kinaishia katika maji yaleyale.

Kwa asidi na metali za Katanga, hesabu hiyo haikubali. Familia inakunywa kisima chake, si wastani wa visima vya jimbo. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali nayo. Kobalti hiyo haiondoki kwa kupanda miti mahali pengine.

Wala uchafu hausimami mpakani mwa komini. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu unaingia Luapula, mpakani na Zambia.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili fidia, maji yapimwe juu na chini ya kila mgodi, wapimaji wasilipwe na kampuni inayopimwa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya komini. Bila namba hizo, mkaaji anayedai fidia hana cha kuonyesha, na kampuni itaendelea kuonyesha shule.