Mafuta Yanayokatwa Kama Uchafu

Sufu ya kondoo inapofikishwa mnadani, iwe Melbourne au Gqeberha, uzito wake kwenye mizani ni mwanzo tu wa hesabu. Mnunuzi anataka kujua zitabaki kilo ngapi baada ya kuoshwa. Maabara huwa imeshachomoa sampuli kwenye marobota, ikaiosha, ikaikausha na kuipima, na cheti kinaonyesha unene wa nyuzi, kiasi cha majani na mbegu zilizonasa, na asilimia ya sufu safi inayotarajiwa. Vumbi, chumvi ya jasho na mafuta hukatwa kwenye uzito kabla bei haijapigwa. Mfugaji aliyeleta kilo 100 za sufu ya merino anaweza kulipwa kilo 65 au 70, na katika zile zilizokatwa, kilo 15 hivi ni mafuta.

Mafuta hayo hayapotei yote. Katika kiwanda cha kuoshea, maji ya moto yenye sabuni huyayeyusha kutoka kwenye nyuzi, kisha mashine zinazozunguka kwa kasi huyatenga na maji. Yakisafishwa huitwa lanolini, na huuzwa kwa watengenezaji wa krimu, mafuta ya midomo, dawa za kupaka na vitamini. Kitu kilekile, basi, kinahesabiwa uchafu kwenye malipo ya mfugaji na kinahesabiwa bidhaa kwenye mauzo ya kiwanda. Naona mpangilio huu unamwonea mfugaji, na zaidi ya hapo unaiharibu bidhaa yenyewe, kwa sababu mtu pekee anayeweza kuyaweka mafuta hayo safi tangu mwanzo halipwi hata senti kwa kufanya hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayesikia mafuta ya kondoo atawaza kwanza mafuta ya mkia, yale yanayoyeyushwa jikoni. Haya ni mengine. Lanolini hutoka kwenye tezi za ngozi ya kondoo aliye hai, hupanda kwenye nyuzi na kumkinga na mvua, na hupatikana bila kumchinja. Kikemia ni nta. Kondoo wetu wengi, wale wekundu wa Wamaasai na wale weusi vichwani, wana manyoya mafupi yasiyo na sufu ya kuuza. Hata hivyo mafuta haya yanatufikia kila siku. Kolesteroli iliyomo ndani yake ndiyo malighafi kuu ya vitamini D3 duniani, na vitamini hiyo huchanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai, Kibaha na Kiambu vilevile kama Ulaya.

Watu wa kale waliyajua. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alieleza namna ya kuyachemsha na kuyaengua kutoka kwenye sufu chafu. Biashara ya leo ilianza mwaka 1882, Otto Braun na Oscar Liebreich walipopata hataza Ujerumani ya kuyasafisha yakafaa kwa dawa. Baadaye mkemia Isaac Lifschütz alitenga kutoka humo kiambato kinachoshika maji ndani ya mafuta yasiachane, na kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg ikakitumia kutengeneza krimu ya Nivea, iliyoingia sokoni mwaka 1911. Kabla ya hapo krimu nyingi ziliharibika au kutengana zikikaa. Sifa hiyo ya kushika maji ndiyo inayoitofautisha lanolini na mafuta mazito ya petroli tunayojipaka ngozi isipauke: mafuta ya petroli hufunika ngozi tu, ilhali lanolini kavu inaweza kubeba maji karibu mara mbili ya uzito wake.

Lakini historia inayonigusa zaidi ni ya Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji uliokuwa kitovu cha kuosha sufu. Mafuta yalitiririka na majitaka ya viwandani hadi yakawa kero kwa mito na kwa manispaa. Katika mtambo wa majitaka wa Esholt walitia asidi ya salfa kwenye maji hayo ili mafuta yatengane, wakayakamua kwa mashine za kukandamiza, kisha wakayauza. Manispaa iligeuza gharama ya usafi kuwa mapato. Mwaka 1925 kampuni ya Croda, ambayo leo ni jina kubwa katika viambato vya vipodozi, ilianzishwa mkoani humo kwa kazi hiyohiyo ya kutengeneza lanolini.

Naitaja Esholt kwa sababu humo ndimo ilimo hoja bora ya wenye viwanda, nayo ni hoja ya haki. Wao wanasema: sisi ndio tunaobeba mzigo wa maji machafu, tusipoyatoa mafuta, tutalipishwa kwa kuchafua mito, tumenunua mashine, tunalipa umeme, na bado tunaokoa sehemu tu ya mafuta yaliyomo. Wanaongeza kwamba pato la mafuta hupunguza gharama ya kuosha, kwa hiyo mnunuzi anaweza kupandisha bei ya sufu safi, na mfugaji anafaidika bila kuona. Katika soko lenye ushindani, hilo linaweza kuwa kweli kwa wastani.

Tatizo ni huo wastani. Mfugaji ambaye mafuta ya kondoo wake ni mengi na safi analipwa sawa na jirani yake ambaye mafuta yake yamejaa dawa za josho. Nani basi atajihangaisha? Wakulima wa miwa wa Kenya wanaijua vizuri hali hii. Kwa miaka wamekuwa wakidai walipwe kwa molasi na makapi, si kwa sukari peke yake, na wamekuwa wakijibiwa kwamba hayo yameshaingizwa kwenye bei. Kitu ambacho hakina mstari wake kwenye hati ya malipo hakina mtu wa kukitetea.

Suala la dawa si dogo. Kondoo huogeshwa au kumwagiwa dawa za kuua kupe, chawa na mabuu ya nzi, na nyingi kati ya dawa hizo hujificha kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Mwaka 1988 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikuta mabaki ya viuatilifu kwenye sampuli za lanolini, na taharuki ilikuwa kubwa kwa kuwa akina mama walikuwa wakiipaka kwenye chuchu. Baada ya hapo kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kiliweka madaraja mawili: lanolini ya kawaida isizidi jumla ya sehemu 40 za viuatilifu katika milioni, na ile iliyosafishwa zaidi isizidi sehemu 3. Viwanda vilitii, vikajenga mitambo ya kuondoa mabaki hayo, na wateja wakalipa bei ya usafi huo. Pesa zote za usafi zilikwenda kwenye mitambo. Mfugaji ambaye angeweza kuchelewesha kunyoa mpaka dawa ishuke, au kuchagua dawa isiyodumu kwenye mafuta, hakupata sababu ya kubadili chochote.

Kuna anayeuliza kama mafuta haya yanastahili kupiganiwa hata kidogo. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza lanolini kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2023. Wanaodhurika zaidi ni wenye ngozi iliyokwisha kuumia, kama wenye ukurutu wa muda mrefu na wenye vidonda vya miguuni. Kwa mtu mwenye ngozi nzima hatari ni ndogo. Mwaka 1983 daktari wa ngozi Albert Kligman alilalamika kwamba hofu hiyo imetiwa chumvi. Nadhani pande zote mbili zina ukweli, na zinakutana kwenye jambo moja: lanolini iliyopunguzwa alkoholi huru na mabaki ya sabuni huwasumbua wachache zaidi. Usafi tena.

Kwa akina mama wanaonyonyesha lazima niseme wazi, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi za matangazo zinapoelekezwa. Ukibinya tyubu ya lanolini safi, hutoka kitu kizito cha rangi ya asali, kinachonata. Kikiwa baridi hakipakiki. Mama hukivuguvugua kati ya vidole viwili mpaka kilegee, kisha hukigusisha kwenye chuchu bila kusugua. Kinatuliza, na hakihitaji kuoshwa kabla mtoto hajanyonya. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2014 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kinashinda kutopaka kitu au kupaka matone ya maziwa ya mama mwenyewe. Mama asiye na pesa ya tyubu hajamkosesha mtoto wake kitu. Anachohitaji zaidi ni mkunga wa kukaa naye na kumwonyesha jinsi ya kumweka mtoto titini. Wauzaji wanaosema vingine wanamdhulumu.

Kwa hiyo sitetei kila krimu. Naitetea malighafi, kwa sababu mbadala wake mara nyingi hutoka kwenye petroli au mawese, na kwa sababu kondoo hao watanyolewa vyovyote vile. Wasiotaka kitu chochote cha mnyama wana haki ya kukataa, na wana sababu yenye uzito katika ukataji wa ngozi ya makalio ya kondoo wachanga unaofanyika Australia ili nzi wasitage hapo. New Zealand iliupiga marufuku mwaka 2018. Australia bado.

Kwenye upatikanaji wa malighafi hii ndipo wachambuzi wengi wa soko la vipodozi wanapokosea, wanapodhani hamu ya wateja kwa vitu vya asili itaongeza lanolini sokoni. Haitaongeza. Hakuna anayefuga kondoo kwa ajili ya lanolini. Kiasi kinachopatikana hufuata mahitaji ya sufu, na sufu leo ni asilimia 1 hivi tu ya nyuzi zote zinazotumika duniani. Australia ilikuwa na kondoo milioni 170 hivi mwaka 1990; mpango wa serikali wa kushikilia bei ya sufu ukaanguka mwaka 1991, na kufikia 2020 kundi lilikuwa chini ya milioni 70. Wafugaji wengi walihamia nafaka na nyama. Bei ya lanolini ingepanda kiasi gani, isingemrudisha hata mmoja, kwa sababu hakuna njia ya bei hiyo kumfikia. Watengenezaji wa vipodozi wanagombania mafuta yanayopungua na watengenezaji wa vitamini, huku chanzo chenyewe kikiachwa kinyauke.

Mafuta ya kondoo mmoja ni machache, nakubali. Merino anayetoa kilo 5 za sufu ana gramu 700 hivi za mafuta, na kiwanda hakitaokoa zote. Na wafugaji wenye shida kubwa zaidi, wale wa sufu nene ya Uingereza na New Zealand ambao gharama ya kunyoa inazidi bei ya sufu, ndio wenye mafuta machache, karibu asilimia 5 ya uzito. Malipo ya mafuta hayatawaokoa. Yatawafaa wa merino: Australia, Afrika Kusini, na Lesotho.

Lesotho inafaa kutazamwa kwa makini, maana ilijaribu kurekebisha dhuluma ya aina hii kwa amri. Kanuni za mwaka 2018 ziliwakataza wafugaji kuuza sufu na mohea (nywele za mbuzi) zao kwa madalali wa Afrika Kusini, wakatakiwa kupitia kituo cha Thaba-Bosiu nchini mwao. Lengo lilikuwa thamani ibaki nyumbani. Malipo yakachelewa, familia zikakosa ada za shule, na mwaka 2019 maelfu ya wafugaji wakaandamana Maseru. Serikali ililegeza. Walichokosa hakikuwa uzalendo wala kituo cha mnada. Nchi haikuwa na uwezo wa kuosha na kusafisha sufu yote hiyo, na kazi hiyo inahitaji maji mengi, mzigo mkubwa na mtaji. Kwa hiyo wafugaji wa Nyandarua na Molo, Kenya, wenye kondoo wachache wa sufu wasiahidiwe kiwanda cha lanolini na mwanasiasa yeyote. Pale sufu inapooshwa kwa beseni, mafuta yatakwenda na maji, na hakuna ubaya.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko kiwanda. Cheti cha maabara kiongezwe safu mbili: asilimia ya mafuta, na tarehe na aina ya dawa ya mwisho aliyopewa kondoo kabla ya kunyolewa. Sampuli tayari inaoshwa. Kupima mafuta yanayotoka si kazi mpya kwa maabara. Australia tayari ina tamko la hiari ambamo mfugaji husema kama kondoo wake walikatwa ngozi, na sufu ya wasiokatwa hupata nyongeza ya bei kwa wanunuzi wanaojali. Safu ya dawa ingefanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kiwanda cha kuosha kingeweza kutenga marobota yenye mafuta safi, kuyaosha kwa mkupuo mmoja, na kuuza mafuta yake kwa watengenezaji wa daraja la dawa kwa bei tofauti.

Watakaosema haiwezekani ni wale ambao sufu yao imeshachanganywa kabla ya kuoshwa, na kwao ni kweli; sehemu kubwa ya sufu ya Australia husafirishwa kwenda China ikiwa haijaoshwa, na huko huchanganywa. Ndiyo maana wa kuanza ni wauzaji wa lanolini ya akina mama. Wao hupima viuatilifu kwenye kila shehena kwa gharama yao, hununua kiasi kidogo kwa bei kubwa, na jina lao lote limesimama juu ya usafi. Wakitangaza kwamba watalipa nyongeza kwa mafuta yenye cheti cha dawa kutoka shambani, kiwanda kimoja cha kuosha kitawatengea zamu, na wafugaji walio tayari kusubiri wiki chache kati ya josho na mkasi watajitokeza.