Mzigo wa mwenzio si kanda la usufi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikusudia kumsuta yule amtazamaye mwenziwe aliyeelemewa, akadhani alichobeba ni chepesi. Yafaa tuikumbuke methali hii tunapojadili elimu ya vyuo vikuu vyetu, hasa taaluma ichunguzayo namna mwili wa binadamu unavyokwenda, unavyobeba na unavyochoka.

Katika Kinakomba, Kaunti ya Tana River, mwanamke huteremka ukingo wa Mto Tana, akajaza mtungi wa plastiki wa lita 20, akaweka ngata kichwani, akajitwika, kisha akaupanda ukingo uleule wenye utelezi. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 20. Ikiwa mbebaji ana uzito wa kilo 60, amejitwika thuluthi ya mwili wake. Je, mwili huo unalipa gharama gani? Swali hili linahusu shingo, mgongo na magoti ya mama zetu. Linamhusu mja mzito, na msichana atakiwaye kufika shuleni akiwa na nguvu za kusoma.

Swali lenyewe limepata kuulizwa humu nchini. Mnamo 1986, Maloiy, mwanasayansi wa Kenya, pamoja na wenzake kutoka ng'ambo, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo, wabebao kwa kichwa, na wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda uzungukao paji la uso. Walipima oksijeni waliyoitumia wakitembea juu ya mkanda wa mashine. Matokeo yalistaajabisha: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote. Baada ya kiwango hicho gharama ilianza kupanda. Mnamo 1995, Heglund na wenzake walieleza sababu katika jarida hilohilo: wabebaji hao hupepesuka kama timazi ya saa kwa ustadi zaidi wanapotwikwa, hivyo nguvu ya hatua moja haipotei bali husaidia hatua ifuatayo.

Hata hivyo, msomaji asiharakishe kushangilia. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12 tu. Mtungi wa Kinakomba umeupita mpaka huo kwa kilo nane, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Tena mkanda wa mashine haupandi ukingo, hauna matope, wala hauna mamba wa kumwogopesha mbebaji. Na mnamo 2010, Lloyd na wenzake waliowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kuwa kanuni ya watu wote. Walikuta kuwa gharama hutofautiana sana baina ya mtu na mtu.

Tujifunze nini hapa? Kwamba jambo hili halijamalizwa, na haliwezi kumalizwa na wataalamu wachache kwa kuwapima watu wachache. Linahitaji mikono mingi, mahali pengi, na vipimo vinavyorudiwa mara kwa mara. Mikono hiyo tunayo. Ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Mara nyingi mwanafunzi wa ngazi hiyo huonyeshwa chombo kwa mbali, akaandika maelezo daftarini, akayakariri, akafanya mtihani, akasahau. Utafiti ameachiwa yule asomeaye shahada ya juu. Huku ni kumnyima chakula mtoto kwa hoja kwamba hajakomaa, ilhali chakula ndicho kimkomazacho.

Mwanafunzi aliyeingizwa maabarani kama mshiriki hupata funzo lisilopatikana vitabuni. Atabandika alama kwenye goti la mtu, jasho lizibandue. Atagundua kuwa mtu ajuaye anatazamwa hatembei kama alivyozoea, hivyo vipimo vya mwanzo huenda visifae kitu. Atakuta hesabu zake zinapingana na dhana aliyokuja nayo, na itambidi aiache dhana, asiziguse hesabu. Huo ndio uaminifu wa sayansi, na haufundishwi kwa ubao na chaki.

Wako watakaosema kuwa vyombo ni ghali na fedha hakuna. Ni kweli kuwa bamba la kupimia nguvu za mguu unapokanyaga si la bei ya sokoni. Lakini mizani, utepe, saa na simu yenye kamera vyatosha kuanzia kazi. Kwa vyombo hivyo mwanafunzi aweza kujua uzito wa mtungi, umbali wa njia, mwinuko wa ukingo, idadi ya hatua na mahali mbebaji anapopumzika. Nani atakayeifanya kazi hiyo vyema kuliko kijana wa huku, aijuaye lugha ya wenyeji na njia ya mtoni?

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Mama wa Kinakomba si kielelezo cha maonyesho. Sheria ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni. Adabu inamtaka aombe idhini ya mpimwa mwenyewe, tena kwa lugha anayoielewa. Na akishapata matokeo, ayarudishe barazani kabla hayajapelekwa majaridani. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo tangu mwaka wake wa kwanza hatakuwa mtaalamu wa kuchukua bila kurudisha.

Vyuo vyetu, basi, vifungue milango ya maabara kwa hawa vijana, na serikali ya kaunti ikaribishe maswali yao, kwani majibu yatasaidia kuamua bomba la maji lifike wapi kwanza. Hesabu ya ustadi wa mama isitumiwe kamwe kuwa kisingizio cha kumwacha aendelee kubeba. Mwenye kuupima mzigo kwa mkono wake hatausema tena kuwa ni usufi.