Mafindofindo: Siku ya Saba Mtoto Atalala Wapi?

Munganga akisema kwamba mtoto wako akatwe mafindofindo, yaani vile vinundu viwili vya nyama vilivyo pande mbili za koo, mara utauliza: Atamkata kwa kitu gani? Jirani amekwisha kukuambia habari za chombo cha umeme huko Kampala, nawe unaanza kuhesabu fedha za safari.

Swali lako ni jema. Njia ya zamani ni ya chuma. Munganga hupasua ngozi nyororo inayofunika kinundu, hukitenga polepole mpaka kitoke chote, kisha hufunga mishipa ya damu kwa uzi. Njia ya umeme hukata na kuunguza mishipa papo hapo, kwa hiyo damu ya wakati wa kukata ni kidogo. Pengine umeme hupitishwa katika maji ya chumvi, ili joto lipungue.

Lakini huko Uingereza, tangu 2003 hata 2004, waganga waliwafuata wagonjwa zaidi ya 33,000. Waliona kwamba hatari ya kutoka damu baada ya kukatwa kwa umeme ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya chuma na uzi. Basi usimdharau munganga aliye karibu nawe kwa sababu hana chombo kipya.

Tena si kila koo linaloumwa ni la kukatwa. Aliyeugua mara saba katika mwaka mmoja, au anayeziba pumzi akilala, huyo ana sababu. Na wale wanaokata kilimi cha mtoto kwa wembe nyumbani hawaondoi mafindofindo hata kidogo. Wanamtia hatarini bure.

Mimi naona swali la kukata ni dogo kuliko hili: siku ya saba mtoto atalala wapi? Baada ya kukatwa, kidonda hufunikwa na utando mweupe. Usiukwangue, si usaha. Kinywa kitanuka, na masikio yatauma ingawa hayana ugonjwa. Maumivu pengine huzidi siku ya tatu au ya nne, na mama husema, “Mbona anarudi nyuma?” Harudi nyuma. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, wala si aspirini, kwa maana aspirini huzidisha kutoka damu. Mpe maji mara nyingi, na uji uliopoa, hata akilia. Koo lisilomeza hukauka na kuuma zaidi.

Kati ya siku ya tano na ya kumi utando ule hubanduka, na hapo damu inaweza kutoka tena. Mtoto aliyelala akimezameza mara kwa mara, washa taa, mtazame kinywani. Ukiona damu mbichi, au akitapika damu, mpeleke hospitali saa ile ile.

Sasa, kama umetoka Mahagi au Mambasa, utapita njia gani usiku? Kwa hiyo usirudi siku ya tatu kwa sababu mtoto anacheza. Mwombe ndugu aliye hapa Bunia chumba cha majuma mawili. Na kabla ya siku ya kukatwa, uliza kundi la damu ya mtoto, ujue ni nani katika jamaa anayeweza kumtolea.