Boma la Wadachi, Biharamulo

Juma hili twende Biharamulo. Pale mjini lipo boma la Wadachi, lililojengwa kati ya 1902 na 1905, lenye kuta nene na ua ndani yake. Askari walikwisha ondoka zamani. Jengo likatengenezwa upya, likafanywa nyumba ya wageni, na leo msafiri hulala mahali ambapo babu yake pengine alipita akiinamisha kichwa.

Usidhani kwamba boma hilo lilijengwa kulinda mpaka wa Rwanda na Urundi. La! Siku zile nchi hizo zote zilikuwa chini ya Mdachi yule yule, na mto Kagera pale Rusumo haukutenga serikali na serikali. Boma lilikuwa la kuwatazama wenyeji, walipe kodi na kutii. Mpaka ulikuja baadaye.

Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka upande wa Rwanda yakaitwaa Biharamulo. Kuta nene hazikufaa kitu. Mei 1919 Mwingereza na Mbelgiji wakagawana nchi mezani. Mwingereza alitaka na Gisaka, ng'ambo ya Kagera, apate kupitisha reli yake. Lakini Gisaka ilikuwa nchi ya Mfalme Musinga wa Rwanda. Mfalme akalalamika, na Monsinyori Léon Classe wa Mapadre Weupe akamtetea bila kuchoka. Mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Naam, kalamu ilifanya kazi ambayo bunduki haikuiweza.

Bugufi haikurudi. Ilikuwa ya ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika, na mkataba wa mpaka ukatiwa sahihi London mwaka 1934. Ndiyo sababu hata leo Mhangaza wa Ngara husikilizana na Mrundi bila mkalimani. Shangazi yuko ng'ambo, na msiba wa huko ni msiba wa nyumbani.

Ikafika Aprili 1994. Kwa muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29, watu zaidi ya laki moja na nusu walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Mama mwenye shamba karibu na hapo hahitaji kusimuliwa jinsi miti ilivyokwisha vilimani, wala jinsi watoto wa wageni walivyolia usiku.

Basi ukipita Biharamulo, omba kuonyeshwa boma. Ila jambo moja lanisumbua. Katika vitabu nilivyosoma nimekuta majina ya maofisa. Ya watu waliobeba mawe na kukanda udongo sikuyakuta. Wazee wa Biharamulo, kama baba zenu waliwaambia ni nani waliokwenda kazini pale, na walilipwa nini, waiteni wajukuu waandike katika daftari la shule, majina na vijiji vyao, kabla ya mvua za masika.