Afya ya Familia: Doa Katika Ini

Mtu akiambiwa baada ya kupigwa picha kwamba ini lake lina doa, wazo la kwanza ni saratani. Mara nyingi sivyo. Huenda ikawa ni fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, au kifuko cha maji tu.

Lipo doa moja, adimu hapa mjini, linalotuhusu hasa sisi tuliokulia penye mifugo: mfuko wa tegu wa mbwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa AMREF walizunguka huko na mashine za altrasaundi, wakiwapima wafugaji papo hapo. Mawimbi ya sauti huonyesha ukuta wa mfuko na, pengine, vifuko vichanga vilivyosongamana ndani yake. Hiyo ndiyo alama yake kuu. (Picha za namna hiyo, zenye vivuli vya kijivu, ziliendelezwa sana hapa hapa Sydney na George Kossoff na wenzake, walioanza kazi mwaka 1959.)

Lakini mfuko mchanga hufanana mno na kifuko cha kawaida, na picha haisemi mgonjwa alikulia wapi. Ukichomwa sindano pasipo tahadhari, maji yake yakavuja, mgonjwa aweza kupatwa na mshtuko wa kufisha. Basi mwelezeni daktari habari za mbwa na mifugo kabla ya sindano, hata ikiwa ni za miaka ishirini iliyopita. Asiyemudu Kiingereza aombe mkalimani wa serikali, simu 131 450, wala asimtwike mtoto wake kazi hiyo.