Umeme ukikatika, hesabu ya kikundi iko wapi?

Vikundi vingine vya AVEC sasa vinaandika akiba kwenye kompyuta. Umeme unakatika, unarudi, na faili ya mikopo inakataa kufunguka. Si uchawi, na mara nyingi si kosa la mwandishi.

Tukibonyeza "hifadhi", maandishi yanaweza kukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo inafutika umeme ukikatika. Diski nyingi zinapokea foleni ya amri hadi 32. Diski inayozunguka haizifuati zilivyofika; inaanza na zile za karibu, kama mama sokoni anayeanza na meza iliyo mbele yake. Umeme ukikatika katikati, sehemu ya faili ni mpya, sehemu ni ya zamani. Hapo inaharibika.

Tufanye hivi. Flashi isichomolewe kabla kompyuta haijaruhusu. Kompyuta ya mezani iwekewe onduleri yenye betri, ili tupate dakika za kuizima vizuri. Faili ikiharibika, msiendelee kuandika kwenye diski ile: nakilini kwanza yanayosomeka pahali pengine, ndipo fundi aipime kwa programu ya chkdsk, ikiwa mnatumia Windows. Makosa yakirudi, abadilishe waya wa diski; yakiendelea, huenda diski yenyewe inakaribia kufa.

Na kila juma, nakala moja ibaki kwa mama mwingine, pamoja na daftari ya karatasi. Siku ya kugawana, kila mama apate jasho lake.